Metfomini, uzee na akili bandia: namna ya kuuliza

Kwenye vikundi vyetu vya WhatsApp kunapita sana habari kwamba metfomini, ile dawa ya sukari inayouzwa kwenye famasi hapa Goma, inachelewesha uzee. Wengine wanaituma pamoja na jibu la akili bandia kama ushahidi. Na kuko wazee wasio na sukari ambao wanataka kuanza kuimeza. Basi tuangalie jibu hilo linatoka wapi.

Utafiti uko kweli. Mwaka 2014 watafiti wa Uingereza walilinganisha wagonjwa zaidi ya 78,000 walioanza metfomini na watu wasio na sukari. Wagonjwa wakaonekana wanaishi muda mrefu kidogo kuliko hao wazima! Habari ikazunguka dunia. Mashine hizi zimejifunza kutoka maandishi ya intaneti, kwa hiyo ukiuliza tu "metfomini inaongeza maisha?", ni rahisi ikuanzishie hapo na ikuishilizie hapo.

Sasa, mwaka 2022 hesabu ilirudiwa kwa kumbukumbu za afya za Denmark, na faida ile haikuonekana: wagonjwa walikufa mapema kuliko wasio na sukari. Shida moja ya hesabu ya 2014 ni kwamba iliacha kumfuata mgonjwa alipobadilishiwa dawa, na anayebadilishiwa mara nyingi ni yule ambaye ugonjwa umemzidia. Mwaka 2024 watafiti wa China walitoa matokeo ya kutia moyo, lakini kwa tumbili madume. Tumbili, si mzee wa Katindo. Jaribio la TAME, lililopangwa Marekani kwa wazee kama 3,000 wasio na sukari, limetafuta pesa miaka mingi.

Mimi sisemi tuache akili bandia. Inasoma Kiingereza na kukufupishia kwa Kifaransa au Kiswahili, na mega inazokula ni kidogo. Ila usiiombe hukumu, iombe orodha. Iandikie hivi: "Nipe tafiti za metfomini kwa watu wasio na sukari. Kila moja taja mwaka, idadi, kama ni watu ao wanyama, na namba yake ya PubMed. Kisha nipe zinazopinga."

Ile namba njo muhimu. Mashine inaweza kukutungia makala isiyokuwepo, ikaipa mwandishi na mwaka vizuri kabisa. PubMed ni bure: ingiza namba, na kama haifungui makala ile ile, tupa. Ikifunguka, soma muhtasari wenyewe, hata kama ni kwa kutafsiri.

Na mzee anayesubiri jibu nyumbani, mumpeleke kwanza akapimwe damu. Figo zikiwa zimechoka sana metfomini ni hatari, na wengi hawajui hali ya figo zao mpaka wapimwe.