Korosho ya Kanga Haikuota Mtwara

"Ile korosho kwenye kanga imechorwa kwa kuiga korosho za kusini." Si kweli, ingawa inapendeza kuamini. Mkorosho wenyewe ni mgeni: asili yake ni Brazili, na Wareno ndio walioufikisha Afrika Mashariki karne ya 16. Lile tone lenye ncha iliyopinda lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Katika mashali ya Kashmir ya karne ya 17 utaona mmea mzima wa maua, mwembamba, wenye shina na hata mizizi. Wafumaji wa vizazi vilivyofuata waliendelea kuyasonga majani na maua mpaka mmea ukawa bumba moja lililoinamisha kichwa. Kufikia mwaka 1800 hivi mizizi haionekani tena. Ulaya wakayapenda mashali hayo, mji wa Paisley huko Scotland ukayaiga, na umbo likasambaa duniani kwa vitambaa vya kuchapwa hadi kwenye kanga. Watu wa pwani walipolitazama waliona kitu wanachokila. Siwalaumu, limefanana kweli.

"Kila ua lina maana yake: waridi mapenzi, asumini usafi." Si kweli. Kamusi za namna hiyo waliziendekeza Waingereza wa enzi ya Malkia Victoria, wakitumiana mashada yenye siri. Kanga ina utaratibu wake. Kwa miongo mingi ilichapwa India, Manchester, Uholanzi na Japani. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1968 tu. Mmea ukatoka ng'ambo, maana akaitia mvaaji, naye husaidiwa na jina, yale maneno ya upande wa chini wa mji, yaani sehemu ya katikati ya kanga. Chukua kanga yenye mwembe uliosheheni. Ikiandikwa kwamba mti wenye matunda ndio upigwao mawe, mwembe umeshakuwa mwanamke anayesengenywa, na jirani aliyekusudiwa anajijua. Badili jina liwe la shukrani kwa mama, mwembe uleule unakuwa mzazi mwenye watoto wengi. Ndiyo maana mnunuzi mzoefu hufunua doti asome kwanza, bei baadaye.

"Mimea imejaa kwa sababu dini imekataza picha za viumbe." Nusu kweli. Mapambo ya majani na maua yana historia ndefu katika sanaa ya Kiislamu, na milango ya Lamu na Zanzibar inashuhudia. Ila kanga haikujifunga hapo: ina majogoo, ina samaki, ina sura za marais. Mwaka 2008 hata Barack Obama alivaliwa kiunoni.

"Basi kanga ya bi harusi ndiyo yenye maua kuliko zote." Si kweli hata kidogo. Kanga yake ni kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe, vijialama vya pembepembe, na kwa kawaida haina jina. Maua anayo, lakini ya bustanini, kikuba cha asumini na kilua kilichobanwa nguoni.