Pima Kwanza, Ndipo Ununue Pambo la Bangili

Watu wengi siku hizi hawapendi bangili tupu. Wanataka ining'inie pambo dogo: moyo, nyota, ufunguo, au herufi ya jina la mtoto. Vinapendeza kweli. Lakini si kila pambo linakubali kila bangili.

Makambako ni njia panda. Barabara ya Songea inakutana hapo na ile ya Iringa na Mbeya, na reli ya TAZARA inapita hapo. Basi vitu vya kila namna vinafika sokoni. Mtu wa Njombe akinunua pambo kule, akafika nyumbani akakuta halipiti, kurudi kulibadilisha ni kilomita 60 hivi. Nauli yaweza kuzidi bei ya pambo. Na mwenye meza atamwuliza, "Kwani hukuliona?"

Kwa hiyo nenda na bangili yako mkononi. Itazame vizuri. Je, inafunguka?

Bangili ya duara gumu, kama zile za shaba za bibi zetu, haina ncha. Pambo la kutobolewa tundu haliingii hapo, hata tundu liwe kubwa namna gani. Tafuta lenye kipete chenye mwanya, kinachofunguliwa kwa plaizi. Hebu angalia hapa: usikivute kipete kikawa kama yai. Sukuma ncha moja mbele na nyingine nyuma, kisha zirudishe zikutane. Kipete cha namna hiyo hufaa pia kwa cheni, mradi waya wake upite katika jicho la cheni.

Shanga za uzi ni rahisi, maana unafungua fundo tu. Ila kama uzi ni wa mpira, pitisha kidole kwenye tundu la pambo. Likikwaruza, litakata mpira.

Zinazosumbua zaidi ni bangili nene zinazofunguka upande mmoja. Kampuni ya Pandora ya Denmark ilianza kuziuza mwaka 2000, na wengi wameziiga. Mapambo yake yana tundu pana, milimita 4 au zaidi. Ukilitia pambo hilo kwenye uzi mwembamba, linayumbayumba na kulala upande. Tena kuna mtego: ncha ya bangili hizi mara nyingi ni nene kuliko katikati. Mtu anapima katikati, anafurahi, kumbe ncha haipiti. Pima ncha.

Kupima tundu si kazi. Chukua njiti ya fagio iliyo nene upande mmoja. Iingize mpaka ikwame, weka alama kwa ukucha, itoe, kisha ilaze juu ya rula pale penye alama. Ile mistari midogo uliyojifunza katika kisomo ndiyo milimita. 10 ni sentimita 1. Upana wa tundu lazima uzidi unene wa ncha. Vikiwa sawasawa, achana nalo. Ukilazimisha, rangi itachubuka.

Jambo jingine: mapambo manene yanakula nafasi ndani ya bangili. Kabla ya kuongeza la pili au la tatu, ivae na upitishe kidole kimoja chini yake. Kikikataa, imejaa.

Mtoto mdogo asivalishwe mapambo haya. Kipete kikiachia, pambo litakwenda mdomoni, na linaweza kumpalia.