Sumu ya muhogo mchungu inavyozuia seli kutumia hewa

WAKAZI wa Musoma, Bunda na Butiama mkoani Mara wanaufahamu vyema muhogo. Ndio unaobaki shambani mvua zinapokatika na mahindi yanapokauka, na ndio unaotoa udaga wa kusaga unga wa ugali.

Hata hivyo, muhogo mchungu usioandaliwa ipasavyo una sumu ya sayanidi, ambayo inaweza kumwacha mlaji na ulemavu wa miguu maisha yake yote. Mkoa wa Mara uliwahi kulishuhudia hilo mwaka 1985, ulipozuka ugonjwa wa konzo katika Wilaya ya Tarime, ambayo wakati huo ilijumuisha pia eneo ambalo sasa ni Wilaya ya Rorya.

Matokeo ya uchunguzi wa mlipuko huo yalichapishwa mwaka 1990 katika jarida la kitabibu la Brain na kundi la watafiti lililowajumuisha William Howlett, Nicholas Mlingi na Hans Rosling. Waliuhusisha ugonjwa huo na ulaji wa muhogo mchungu ambao haukuondolewa sumu vya kutosha, pamoja na upungufu wa protini yenye salfa katika chakula.

Konzo humpata mtu ghafla. Miguu yote miwili hukakamaa, mara nyingi ndani ya siku moja, na haipati nafuu kamili tena. Waathirika wakubwa ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Elektroni zinavyopokezanwa

Ili kufahamu namna sumu hiyo inavyofanya kazi, ni lazima kwanza kufahamu jinsi seli inavyopata nishati. Uhai unategemea elektroni zinazohama kutoka molekuli moja kwenda nyingine. Molekuli inayotoa elektroni huwa imeoksidishwa, na inayozipokea huwa imepunguzwa. Matendo hayo mawili hutokea kwa pamoja, nayo huitwa mmenyuko wa redoksi.

Elektroni zinazotokana na chakula huingia katika mitokondria, sehemu ya seli inayozalisha nishati. Humo hupokezanwa na protini kadhaa, moja baada ya nyingine, hadi zinapofika kwa oksijeni, ambayo huungana na haidrojeni na kuwa maji. Nishati inayopatikana njiani hutumika kutengeneza ATP, ambayo seli huitumia katika kazi zake.

Protini ya mwisho katika mnyororo huo huitwa saitokromu oksidesi. Ndani yake mna madini ya chuma ambayo hupokea elektroni na kuikabidhi oksijeni. Sayanidi hung'ang'ania chuma hicho kikiwa katika hali ya kuoksidishwa, na hapo elektroni hukosa pa kupita.

Matokeo yake, damu huwa na oksijeni ya kutosha lakini seli haziwezi kuitumia. Seli za fahamu, ambazo huhitaji nishati nyingi kila wakati, ni miongoni mwa zinazoumia mapema. Mtu aliyekula sumu nyingi kwa mara moja huumwa kichwa, huona kizunguzungu, hutapika, na anaweza kufariki dunia.

Madaktari nao hutumia redoksi kupambana na sumu hiyo. Dawa ya naitraiti huoksidisha chuma kilichomo katika sehemu ya himoglobini ya damu. Chuma hicho huivuta sayanidi na kuiachisha protini ya mitokondria.

Salfa yenye kazi mbili

Mwili wenyewe una kinga. Kimeng'enya kiitwacho rodanesi huunganisha sayanidi na salfa, ikawa thiosayaneti, ambayo haina sumu kali na hutoka kwa mkojo. Salfa hiyo hutokana na vyakula vya protini kama samaki, nyama, maziwa na mayai.

Lakini salfa ina kazi nyingine pia. Katika protini nyingi hufanya kazi kama swichi: ikioksidishwa, umbo na utendaji wa protini hubadilika, ikirudishiwa elektroni, protini hurejea hali yake ya awali. Kwa njia hiyo seli huamua lini igawanyike, lini ijikarabati na lini ife.

Ujumbe wa kugeuza swichi hizo hupelekwa na kemikali kama haidrojeni peroksaidi, ambayo seli huitengeneza kwa kiasi kidogo. Ikizidi, huharibu utando wa seli na vinasaba. Mlinzi wa mizani hiyo ni glutathioni, ambayo nayo hutengenezwa kwa kutumia salfa.

Kwa sababu hiyo, anayekula muhogo mchungu kila siku bila kitoweo hutumia akiba ya salfa kuondoa sumu, huku kinga ya seli zake ikidhoofika. Dagaa na samaki wa Ziwa Victoria, kwa hiyo, si wa kuongeza ladha ya ugali tu.

Kuondoa sumu

Katika muhogo, sumu hufungwa ndani ya kemikali iitwayo linamarini. Kimeng'enya cha kuifungua huhifadhiwa kando, na viwili hivyo hukutana muhogo unapokwanguliwa, kulowekwa au kuvundikwa. Sayanidi hutoka na kupotea hewani kama gesi.

Kuchemsha vipande vikubwa peke yake hakutoshi, kwa kuwa joto huua kimeng'enya kabla hakijamaliza kazi. Vilevile, makopa yaliyokaushwa juani moja kwa moja hubaki na sumu nyingi. Hatari huongezeka wakati wa ukame, kwani linamarini huongezeka katika mizizi, huku njaa ikizifanya familia zipunguze siku za kuloweka.

Kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa ni miligramu 10 za sayanidi kwa kilo moja ya unga. Unga unaotiliwa shaka unaweza kuchanganywa na maji, ukatandazwa tabaka jembamba kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha ukapikwa siku hiyo hiyo. Njia hiyo ilibuniwa na mtafiti Howard Bradbury wa Australia na wenzake.

Konzo haina dawa ya kuiponya. Kinachowezekana ni kuizuia, na hilo hufanyika jikoni: kuloweka muhogo kwa siku zinazotakiwa hata chakula kikiwa haba, na kuuambatanisha na kitoweo chenye protini.