Atlantic City, Mji Ulioipa Bahari Kisogo

Abiria atokaye New York kwenda Atlantic City hahitaji gari, wala hahitaji fedha nyingi, kwani katika stesheni ya mabasi ya Port Authority, kwenye kona ya Mtaa wa 42 na Barabara ya Nane, mabasi ya kwenda katika mji huo wa kamari huondoka mchana na usiku, na nauli yake haimlemei hata mzee aishiye kwa pensheni. Basi hupita katika handaki la Lincoln chini ya mto Hudson, likatokea upande wa New Jersey, likashika barabara kuu ielekeayo kusini, na baada ya saa mbili na nusu hivi, njia ikiwa nyeupe, safari imekwisha. Nilikwenda peke yangu, katikati ya juma, majira ya baridi yakikaribia ukingoni, kwa azma ya kuuona mji ambao kwa miaka mingi nimeusoma katika habari za siasa na za iktisadi. Sikwenda kucheza. Mimi ni katika wale waliolelewa kuamini kwamba maisiri ni haramu, na imani hiyo ilipanda basi pamoja nami.

Wengi wa abiria wenzangu walikuwa watu wazima, wanawake kwa wanaume, Wachina wa Manhattan na Queens, Wamarekani Weusi, na watu wa visiwa vya Karibi, kila mmoja na kifuko chake cha chakula mapajani, wakiulizana hali kwa majina, ikawa dhahiri kwamba njia ile si ngeni kwao. Bibi mmoja aliyeketi ng'ambo ya ujia alinieleza bila ya kificho kwamba amekuwa akija kila apatapo nafasi tangu alipofiwa na mumewe, na kwamba zamani kasino zenyewe ndizo zilizokuwa zikimfidia msafiri nauli yake, kwa kumkabidhi bunda la sarafu za robo dola na cheti cha chakula mara tu ashukapo. Baadaye takrima hiyo ikawa inaingizwa katika kadi ya mchezaji, nayo haikuwa fedha mkononi mpaka kwanza ipite katika mashine. Nilimwuliza kama hushinda. Akasema kwamba hushinda mara nyingine, lakini kikubwa ni kwamba huko kuna watu, na nyumbani kwake hakuna.

Barabara hupenya kwanza katika msitu mkubwa wa misonobari, ardhi ya mchanga isiyofaa kwa kilimo cha nafaka, kisha miti hukoma ghafla, na mbele ya macho hutandawaa vinamasi vya maji ya chumvi vyenye nyasi za rangi ya manjano, na ng'ambo yake, juu ya kisiwa chembamba kiitwacho Absecon, huchomoza majumba marefu yenye vioo, peke yao, bila ya mji wowote kuonekana chini yake. Kisiwa hicho kilikuwa vilima vya mchanga na mbu hadi daktari mmoja, Jonathan Pitney, alipoamini kwamba hewa yake ya bahari ni tiba, akashawishi wenye mitaji wakajenga reli kutoka Camden, nayo ikafika mwaka 1854. Wageni wakaja kwa maelfu, wakaoga, wakarudi mahotelini na katika mabehewa wakiwa wamejaa mchanga miguuni, hata mwaka 1870 mlinda tiketi wa treni, Alexander Boardman, na mwenye hoteli Jacob Keim wakapata rai ya kutandika njia ya mbao kando ya ufukwe ili watu watembee bila kuchafuka. Hiyo ndiyo Boardwalk, mashuhuri hata leo, na kwa miaka mia moja mji ule uliishi kwa kitu kimoja ambacho hakuna aliyeweza kukiuza wala kukinunua, nacho ni bahari.

Lakini ndege na magari yaliwapeleka Wamarekani katika fukwe za mbali zaidi, Florida na Karibi, na kufikia miaka ya 1960 hoteli za fahari zilikuwa zimechakaa na vyumba vyake vitupu. Mwaka 1974 wananchi wa New Jersey waliulizwa kwa kura kama kamari iruhusiwe katika jimbo lao, wakakataa. Mwaka 1976 wakaulizwa tena, safari hii kwa mji wa Atlantic City peke yake, na kwa ahadi kwamba kasino zitakuwa chombo cha kuufufua mji, wakakubali. Tarehe 26 Mei 1978 kasino ya kwanza, Resorts, ilifungua milango, na watu wakapanga foleni ndefu juu ya mbao za Boardwalk wakingoja zamu ya kuingia. Ahadi ile ndiyo niliyokwenda kuitazama, na baada ya kutembea huko kutwa nzima naamini kwamba ilivunjwa na umbo la majumba yenyewe kabla ya kuvunjwa na mtu yeyote.

Basi letu halikutushusha mjini. Lilitushusha chini ya paa la kasino, mlangoni, na mlango huo ulituingiza katika ukumbi usio na dirisha wala saa ya ukutani, wenye zulia lililojaa michoro, mwanga usiobadilika asubuhi wala usiku, na sauti za mashine maelfu, zile ambazo ndugu zao wadogo vijana wa Dar es Salaam huziita dubwi. Nilisimama nyuma ya safu moja nikatazama. Kila mchezaji alikuwa na kadi yake imefungwa kwa kamba ya plastiki iliyojisokota, ncha moja imenaswa kwenye kifungo cha nguo, na ncha ya pili imezama pamoja na kadi katika tundu la mashine, ili kadi isisahauliwe na kila dola ihesabiwe; na bibi wa basini nilimwona katika safu hiyo, amekwisha kuvua koti, kamba yake imenyooka kwa kuwa kiti chake kilikuwa mbali kidogo, naye habonyezi kwa furaha wala kwa huzuni. Kwenye meza za karata, mgawaji amalizapo zamu hupiga kofi moja, akavigeuza viganja juu na chini mbele ya kamera za darini, ili ijulikane kwamba haondoki na kitu, ndipo akampisha mwenziwe. Moshi wa sigara ulikuwa mzito. Sheria ya New Jersey ya mwaka 2006 iliyokataza sigara katika sehemu za kazi ilizisamehe kasino, na wagawaji wengi wamekuwa wakidai kwa miaka kwamba mapafu yao si duni kuliko ya makarani wa benki, dai ambalo naliona la haki kabisa.

Kuhusu mchezo wenyewe, hesabu yake haina siri. Gurudumu la ruleti la Marekani lina vishimo 38, yaani namba 1 hadi 36 pamoja na sifuri na sifuri mbili, na anayepatia namba moja hulipwa dola 35 kwa kila dola aliyoiweka. Kwa hiyo mtu akiweka dola moja juu ya kila kishimo, atatoa dola 38 na kurudishiwa 36, ile yake iliyoshinda ikiwa ndani yake, na mbili zitabaki kwa mwenye nyumba. Hapana hila wala wizi hapo. Mashine nazo hutakiwa kwa sheria zirudishe si chini ya asilimia 83 ya fedha zinazoingizwa, na kilichobaki ndicho kilichopandisha ghorofa zote zile juu ya mchanga. Katika mapato hayo jimbo huchukua asilimia 8, na waliotunga sheria waliazimia kwamba kodi hiyo iwasaidie wazee na wenye ulemavu katika gharama za dawa, usafiri na mengineyo. Nia ni njema, wala sithubutu kuibeza; lakini nilipoitazama ile safu ya vichwa vyenye mvi, nilihuzunika kuona kwamba mzee mpweke ndiye anayechangishwa dawa ya mzee mwenziwe, ilhali walio na nguvu wanapita kando.

Nilipoupata mlango wa upande wa bahari, nao haukuwa mwepesi kupatikana, nilitoka katika upepo wa baridi na harufu ya chumvi, na Bahari ya Atlantiki ikawa mbele yangu kwa upana wake wote. Watu walikuwa wachache mno, ilhali nyuma ya ukuta ule walikuwa mamia. Hapo ndipo nilipofahamu kosa la wajenzi. Mwenye kasino hana faida kwa mgeni anayetazama mawimbi, wala kwa mgeni anayekula katika mgahawa wa mtaa wa pili; faida yake ni mgeni aliye ndani, alale ndani, ale ndani, acheze ndani, na majumba yakajengwa kwa kusudi hilo, yakaipa kisogo bahari upande mmoja na mji upande wa pili. Mwaka 2006 kasino za hapo zilivuna dola bilioni 5.2, kilele ambacho hawakukifikia tena katika kumbi zao, kwa kuwa mwaka huohuo jirani zao wa Pennsylvania walianza kufungua za kwao. Mwaka 2014 kasino 4 kati ya 12 zilifungwa, na watu wapatao 8,000 wakapoteza kazi. Revel, iliyogharimu dola bilioni 2.4 na kufunguliwa mwaka 2012, ilidumu miaka miwili tu kabla ya kufungwa na kuja kufunguliwa tena kwa jina jingine, na Trump Plaza iliangushwa kwa baruti mwezi Februari mwaka 2021.

Niliuacha ufukwe nikaingia mitaani. Majina ya mitaa hiyo wanayajua watu wengi wasiowahi kufika, kwani ndiyo yaliyochapwa juu ya ubao wa mchezo wa Monopoly mwaka 1935, Boardwalk ikiwa ghali kuliko zote, Baltic na Mediterranean zikiwa za maskini. Huko nilikuta maduka ya kuweka rehani vito na saa, viwanja vitupu vilivyoota majani, na watoto wakitoka shule. Wakazi ni kama 38,000, theluthi moja hivi wakiwa katika umaskini, na mji wenye kasino tisa umekaa miaka mingi bila supamaketi kubwa hata moja, hata mama wa nyumbani avuke daraja kwenda kununua mboga mbichi. Walakini si mji uliokufa. Vibasi vidogo vya jitney, vinavyomilikiwa na madereva wenyewe kama daladala zetu, vimekuwa vikipita humo tangu mwaka 1915. Wahamiaji kutoka Bangladesh, ambao wengi wao wamekuja kufanya kazi katika kasino, wamefungua maduka ya nyama halali na mikahawa, nami nilikula wali na samaki katika mmojawapo, pembeni yangu vijana wawili wenye fulana nyeusi za ugawaji karata wakijadiliana ada ya shule.

Upande wa kaskazini wa mji ndiko walikoishi Weusi waliopika, kufua na kubeba mizigo katika hoteli za zamani, na ambao hawakuruhusiwa kuoga ila katika kipande chao cha ufukwe karibu na Missouri Avenue. Katika Kentucky Avenue walikuwa na klabu yao mashuhuri, Club Harlem, iliyoanzishwa mwaka 1935, ambako Sammy Davis Jr. aliimba na kucheza, na Wazungu walikuja kupanga foleni mlangoni hadi alfajiri. Fedha za kamari zilipokuja hazikuiokoa; ilibomolewa.

Na juu ya Boardwalk kuna jumba kubwa la mikutano lililofunguliwa mwaka 1929, Boardwalk Hall, lenye kinanda cha mabomba zaidi ya 33,000. Nilikaa mbele yake kitambo kirefu kwa ajili ya mwanamke mmoja. Mwezi Agosti mwaka 1964, chama cha Democratic kilipokutana hapo, Fannie Lou Hamer, mkulima wa mashamba ya pamba ya Mississippi, alisimama mbele ya kamati akaeleza jinsi alivyofukuzwa shambani kwa sababu ya kujaribu kujiandikisha kupiga kura, na jinsi alivyopigwa katika jela ya Winona. Rais Johnson aliita waandishi wa habari ghafla ili kamera ziondoke kwa Hamer, lakini jioni ile televisheni ziliurudia ushahidi wake nchi nzima ikausikia. Wajumbe wenziwe, waliokuwa wakidai viti vya Mississippi mkutanoni, walipewa viwili tu, wakavikataa. Mwezi uliofuata alisafiri na vijana wa harakati hadi Guinea, na wawili katika msafara ule wakaendelea mpaka Nairobi. Mji ambao jambo kama hilo limetendeka ndani yake una sababu ya kutembelewa inayozidi ruleti, na inasikitisha kwamba mabasi hayamwelezi abiria hata mmoja.

Kamari sasa haihitaji hata basi. Tangu mwaka 2013 mtu wa New Jersey hucheza kasino kwa intaneti nyumbani kwake, kama vijana wa Nairobi na Mwanza wanavyobeti kwa simu, na New York nayo imekuwa na mashine zake huko Queens tangu mwaka 2011. Kitakachobaki kwa Atlantic City ni kile ilichokuwa nacho kabla ya 1976, na ningependa watawala wake wakitumie wangali na wakazi wa kukitumia. Msomaji atakayejaaliwa kufika huko na ashuke kasino pamoja na abiria wote, apite ukumbini bila kuchukua kadi, atoke upande wa bahari. Ufukwe hauna kiingilio, tofauti na miji mingi jirani inayotoza. Aelekee kaskazini hadi mnara wa taa wa Absecon, uliowashwa kwanza mwaka 1857, apande vidato vyake 228, na juu atauona mji mzima kwa mara moja, mbele na nyuma. Chakula na atafute Atlantic Avenue, ambako dola yake itabaki mikononi mwa mkazi.