Towashi Aliyezaliwa Hivyo: Mathayo 19:12 na Sheria za Marabi

Wahubiri wafikapo Mathayo 19:12 huelekea upesi kwa wale waliojifanya matowashi kwa ajili ya ufalme wa mbinguni, wakiwapita waliozaliwa hivyo tangu tumboni mwa mama zao. Lakini Bwana wetu aliwataja hao kwanza.

Mgawanyo huo umo pia katika Mishna, mkusanyo wa sheria za marabi uliokamilika yapata mwaka 200 B.K. Aliyezaliwa hivyo huitwa “towashi wa jua”, na yule mwingine “towashi wa mwanadamu”. Katika kitabu cha Yevamot marabi wajadiliana iwapo towashi anapaswa kuvuliwa kiatu na mjane wa nduguye, kama iagizwavyo katika Kumbukumbu la Torati 25. Rabi Akiva asema kwamba aliyehasiwa na watu anapaswa, kwa kuwa aliwahi kuwa mzima. Wa jua hapaswi. Rabi Eliezeri ageuza hoja yote: wa jua ndiye apasaye, maana yeye aweza kupona. Tusiucheke ubishi huo. Kwao, kumtafutia mtu mahali pake katika Torati kulikuwa ni kumhesabu kuwa mmoja wa Israeli.

Wengine pia walitajwa: ailoniti, mwanamke asiyepevuka, tumtumu, ambaye viungo vyake vimefunikwa na ngozi, na androgino, mwenye alama za kiume na za kike, ambaye Kiswahili humwita huntha. Tosefta yaeleza kwamba huyu wa mwisho katika mambo fulani huhesabiwa pamoja na wanaume, katika mengine pamoja na wanawake, katika mengine pamoja na wote, na katika mengine si pamoja na yeyote. Avaa na kunyoa kama wanaume. Hashuhudii barazani, kama wanawake. Amwuaye kwa kusudi hufa. Amwuaye pasipo kukusudia hukimbilia uhamishoni. Katika jambo la damu yake hapakuwa na shaka. Rabi Yose alisema kwamba yeye ni kiumbe cha namna yake mwenyewe, na wenye hekima hawakuamua kama ni mume au mke.

Marabi wengine walithubutu zaidi. Katika Bereshit Rabba, Rabi Yeremia ben Eleazari aifafanua Mwanzo 5:2 kwamba Adamu wa kwanza aliumbwa androgino. Katika Talmudi, Rabi Ami afundisha kwamba Ibrahimu na Sara walikuwa tumtumu, na hivyo hawakuzaa. Hatulazimiki kuikubali fasiri hiyo. Lakini aliyeisema hakuona kwamba anamvunjia heshima baba wa imani.

Waandishi kadhaa wa siku hizi husema kwamba Wayahudi walikuwa na “jinsia sita”. Twaona hayo yamezidi. Marabi walizungumzia mwili na wajibu, wala si jinsi mtu ajionavyo moyoni. Na haki walizompa androgino hazikuwa sawa na za mwanamume.

Hata hivyo, mchungaji aitwaye katika nyumba ambamo mkunga ameshindwa kusema ni mtoto wa kiume au wa kike, na ambamo bibi za mtoto wameanza kunong’ona juu ya laana, ana andiko mkononi. Na awasomee wazazi sehemu ile ya kwanza ya Mathayo 19:12, kisha aulize jina la mtoto na siku ya ubatizo.