Kuuza Nyota na Kujenga Timu Upya: Je, Uamuzi Hupimwaje?

Mashabiki wa mpira hawamalizi mchezo filimbi ya mwisho inapopulizwa. Kazi ya kupanga kikosi upya, kumtoa huyu na kumrudisha yule, huendelea sokoni, katika mabasi na mbele ya duka la kahawa. Katika mkoa wa Singida hoja moja imekuwa na uzito wa pekee: je, yafaa timu iachane na wachezaji wake nyota ili ijijenge upya? Na baada ya mwaka mmoja au miwili, tutajuaje kwamba uamuzi huo ulikuwa wa busara au wa makosa?

Swali la kwanza ni la walimu wa mpira. La pili ni la sayansi, nalo linamhusu pia mkulima, mfugaji, mwenye duka na kiongozi wa kijiji.

Mambo yalivyotokea

Timu ya Singida United ilicheza Ligi Kuu msimu wa 2017/18 chini ya mwalimu Mholanzi, Hans van der Pluijm. Tarehe 2 Juni 2018 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho mjini Arusha, ikafungwa na Mtibwa Sugar mabao 3 kwa 2. Baadaye mwaka huohuo Pluijm alikwenda Azam, na baadhi ya wachezaji wake wakatawanyika. Msimu wa 2019/20 ulipokwisha, Singida United iliteremka daraja.

Mwaka 2022 mkoa ulipata timu nyingine katika Ligi Kuu. Timu ya DTB ilipanda daraja na kuitwa Singida Big Stars, ikashika nafasi ya nne katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 2023 ilibadili jina na kuwa Singida Fountain Gate, ikashiriki Kombe la Shirikisho Afrika. Kisha likaja dirisha dogo la usajili la Januari 2024. Wachezaji kadhaa wa kutegemewa, wakiwamo Elvis Rupia, Duke Abuya na Marouf Tchakei, walihamia Ihefu, timu yenye chimbuko lake Mbarali, mkoani Mbeya. Matokeo ya Singida Fountain Gate yalidorora katika nusu ya pili ya msimu, ingawa haikushuka daraja.

Hadithi haikuishia hapo. Ihefu ilihamia Singida, na kuanzia msimu wa 2024/25 ikaitwa Singida Black Stars. Fountain Gate nayo iliacha jina la Singida na kwenda Babati, mkoani Manyara. Singida Black Stars ilimaliza msimu huo katika nafasi ya nne, na Septemba 2025 ikatwaa Kombe la Kagame kwa kuifunga Al Hilal ya Sudan.

Sasa msomaji anaweza kuona ugumu wa hukumu. Shabiki aliyeifuata timu hadi Babati atasema nyota waliondoka na furaha ikaondoka nao. Shabiki aliyebaki na mji wake atasema nyota walizunguka kwa njia ya Mbeya wakarudi nyumbani na kombe. Wote wawili wanasema kweli, ila hawapimi kitu kimoja. Hii ndiyo kanuni ya kwanza ya kipimo chochote: kabla ya kuuliza kiasi gani, uliza cha nani.

Hekima ya baada ya tukio

Kanuni ya pili inahusu kumbukumbu zetu. Mwaka 1972 Rais Nixon wa Marekani alizuru Beijing na Moscow. Kabla ya safari hizo, wataalamu wa elimunafsi Baruch Fischhoff na Ruth Beyth waliwaomba watu wakadirie uwezekano wa matukio mbalimbali kutokea. Baada ya safari, waliwaomba watu haohao wakumbuke makadirio yao wenyewe. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Tukio likiwa limetokea, watu walielekea kukumbuka kwamba walilitabiri kwa uhakika mkubwa kuliko walivyokuwa wamesema hasa.

Hawakuwa waongo. Akili ya binadamu, ikishajua mwisho wa hadithi, huupanga upya mwanzo wake ili ufanane na mwisho huo. Ndiyo maana baada ya timu kufungwa mara nne mfululizo, kila mtu kijiweni hukumbuka kwamba alionya mapema.

Tuchukue mfano wa mfugaji wa Iramba. Mwezi wa Septemba anauza mafahali wawili walionona ili anunue mitamba wanne. Mvua zikinyesha vema, mitamba itakua na kuzaa, na majirani watamsifu kwa kuona mbali. Mvua zikikosa, mitamba itakufa kwa njaa, na majirani haohao watamwita mjinga. Lakini mwezi wa Septemba hakuna aliyezijua mvua za Januari. Uamuzi ulikuwa uleule mmoja. Aliye mwadilifu huuliza: siku ile alijua nini, na kwa aliyoyajua, je, alichagua vizuri?

Mechi kumi na tano ni ushahidi mdogo

Kanuni ya tatu ni ya hesabu, na msomaji anaweza kuihakikisha nyumbani. Weka maharage kumi katika mfuko: mekundu manne, meupe matatu na meusi matatu. Jekundu ni ushindi, lenye pointi 3. Jeupe ni sare, pointi 1. Jeusi ni kushindwa, bila pointi. Toa harage moja bila kutazama, andika pointi zake, lirudishe, tikisa mfuko, kisha utoe tena. Fanya hivyo mara 15, idadi ya mechi za raundi moja katika ligi ya timu 16.

Timu hii ya maharage haina nyota wala majeruhi, na uwezo wake haubadiliki kamwe. Wastani wake ni pointi 22 na nusu kwa raundi. Hata hivyo, ukirudia jaribio mara nyingi, utaona kwamba pointi huangukia kati ya 18 na 27 karibu mara mbili tu katika kila tatu. Mara zilizobaki zitakuwa chini au juu ya hapo. Zaidi ya hayo, ukilinganisha raundi mbili zinazofuatana, ya pili itakuwa chini ya ile ya kwanza kwa pointi 7 au zaidi takriban mara moja katika kila sita, kwa bahati tupu.

Basi timu ikipoteza pointi saba baada ya kuuza nyota, je, ni kwa sababu ya kuuza? Huenda ndivyo. Lakini hata mfuko wa maharage hupoteza pointi saba. Anayetaka kuhukumu kwa haki hana budi kutazama zaidi ya jedwali: mashuti yaliyopigwa, nafasi zilizotengenezwa, umri wa wachezaji waliobaki, na mechi nyingi kuliko kumi na tano.

Kuna jambo linalofanana na hilo. Mwaka 1886 Mwingereza Francis Galton alionyesha kwamba watoto wa wazazi warefu mno huwa warefu, lakini kwa kawaida hupungua kidogo kuliko wazazi wao, wakielekea wastani wa watu wote. Mchezaji aliyefunga mabao mengi kupita kawaida alikuwa na uwezo, lakini mara nyingi alikuwa na bahati pia. Msimu unaofuata uwezo hubaki, bahati haina ahadi. Kwa hiyo timu inayouza mchezaji akiwa kileleni huuza pia sehemu ya bahati yake kwa bei ya uwezo. Hii ni hoja ya haki kwa upande wa wanaouza.

Funzo kutoka mpira wa kikapu

Mchezo ambao suala hili limechunguzwa sana ni mpira wa kikapu wa Marekani, ambako mmoja wa wahusika alikuwa kijana wa Dar es Salaam. Tarehe 1 Februari 2008 timu ya Memphis Grizzlies ilimtoa nyota wake, Pau Gasol, kwa Los Angeles Lakers. Miongoni mwa iliyopokea ilikuwa haki ya kumsajili mdogo wake, Marc Gasol, aliyekuwa bado hajulikani sana huko. Memphis ilichekwa, na Lakers ikachukua ubingwa mwaka 2009 na 2010. Lakini Marc alikua, akatangazwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013, na mwaka huohuo Memphis ikafika fainali ya kanda yake.

Mwaka 2009 timu hiyohiyo, ikiendelea kujijenga, ilimchagua Hasheem Thabeet wetu, mwenye kimo cha mita 2.21, akiwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule. Baada yake walichaguliwa James Harden, wa tatu, na Stephen Curry, wa saba. Februari 2011 Thabeet alihamishiwa Houston. Uamuzi mmoja ulichekwa ukazaa matunda. Mwingine haukuzaa yaliyotarajiwa. Waamuzi ni walewale. Tokeo moja moja si kipimo cha akili ya mtu.

Hata hivyo, ligi ya Marekani ina sheria mbili zisizokuwapo kwetu. Hakuna kushuka daraja, na timu zilizofanya vibaya hupewa nafasi bora ya kuchagua vijana. Kwa hiyo kushindwa huko kuna malipo. Timu ya Philadelphia ilishinda mechi 19, 18, kisha 10 tu kati ya 82 katika misimu mitatu iliyoishia mwaka 2016, ikingoja vijana wake wakomae. Ilimpata Joel Embiid, mchezaji bora wa ligi wa mwaka 2023, lakini hadi msimu wa 2024/25 haikuwa imefika hata fainali ya kanda yake. Subira yake haikulipwa ilivyotarajiwa. Walau sheria ziliiruhusu kusubiri.

Kwetu anayeshika mkia haongezewi kijana hodari, huteremshwa. Singida United ilijifunza hilo mwaka 2020. Timu inayoachia nyota wengi Januari, katikati ya msimu, ina nusu ya msimu tu mbele yake, na ndani ya muda huo mfuko wa maharage peke yake unaweza kuitupa chini. Kwa kipimo hiki, kama lengo la Januari 2024 lilikuwa kujenga upya, wakati uliochaguliwa ulikuwa wa hatari kubwa, hata kama timu haikushuka. Anayevuka mto uliofurika akafika salama hajathibitisha kwamba mto ulikuwa wa kina kifupi.

La kufanya

Dawa ya hekima ya baada ya tukio ni nyepesi, nayo haihitaji mashine. Siku ya kuamua, andikeni katika daftari mambo manne: tunajua nini leo, tunatarajia nini, tutapima kwa kitu gani, na tutahukumu baada ya muda gani. Daftari hilo lifungwe mpaka siku iliyowekwa.

Uongozi wa timu ukifanya hivyo, mashabiki watakuwa na kitu cha kubishania kilicho imara kuliko kumbukumbu. Na chama cha ushirika cha wakulima wa alizeti, kabla ya kubadili mbegu au kuuza akiba yake, chaweza kutumia daftari la namna hiyohiyo. Litamlinda aliyechagua vizuri akakosa bahati, asifukuzwe bure, na litamzuia aliyebahatika asikabidhiwe mali ya wengine kwa sababu hiyo pekee.