Mtu wa Ustawi Yuko Wapi, na Kadi Yako Inakubaliwa?



Mtu akivunjika mguu, kila mtu kijijini anajua pa kumpeleka. Lakini shida nyingine hazionekani kwa macho. Mkulima amefiwa, na sasa halali usiku. Mama aliyejifungua majuzi analia kutwa, hataki hata kumshika mtoto. Kijana anaamka asubuhi na kwenda moja kwa moja kilabuni. Watu husema, "Huyu amerogwa," au, "Huyu ni mvivu tu." Wengine hufungwa kamba. Siku zinapita, shamba linaota magugu, na watoto wanalala na njaa.

Watu hawa wanahitaji msaada. Mmoja wa wanaoweza kuwasaidia ni afisa ustawi wa jamii. Wengi humwita mtu wa ustawi.

Mtu wa ustawi ni nani?

Ni mtumishi aliyesomea kazi ya kusaidia watu na familia zenye shida. Moja ya vyuo vinavyofundisha kazi hiyo ni Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1973. Yeye si daktari, wala haandiki dawa. Kazi yake ni kusikiliza, kushauri, kupatanisha watu wa nyumba moja, na kukuonyesha njia ya kufikia matibabu. Usimchanganye na afisa maendeleo ya jamii. Huyo hushughulika zaidi na vikundi na miradi.

Utampata wapi?

1. Anza zahanati. Mweleze mganga au muuguzi shida yote, bila kuona haya. Muulize: "Mtu wa ustawi aliye karibu yuko wapi?"

2. Muulize mtendaji wa kijiji au wa kata. Kata nyingine hazina mtu wa ustawi, lakini mtendaji anaweza kukuelekeza.

3. Nenda ofisi ya halmashauri ya wilaya, au hospitali ya wilaya. Uliza ofisi ya ustawi wa jamii.

Ugonjwa wa akili ukiwa mkubwa, mgonjwa hupelekwa hospitali ya mkoa. Wengine hufikishwa hospitali ya Mirembe, Dodoma, iliyoanza mwaka 1927.

Je, kadi yako ya bima inakubaliwa?

Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996. Sheria ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ilitungwa mwaka 1999. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo watu wameshika kadi za aina mbalimbali, na masharti hubadilika. Kadi ya jirani yako si lazima iwe sawa na yako.

Chukua mfano huu. Mtu anauza debe mbili za mahindi apate nauli. Anafika hospitali ya wilaya na mgonjwa wake. Anaambiwa kadi imekwisha muda wake. Nauli imepotea, mahindi yamekwenda, na mgonjwa anarudi alivyokuja.

Hayo yasikupate. Kabla ya kusafiri, peleka kadi zahanati au kwa mwandikishaji wa bima, uulize maswali haya:

1. Kadi hii bado iko hai? Mwisho wake lini?

2. Jina la mgonjwa limeandikwa? Mke, mume na kila mtoto lazima waandikishwe.

3. Hospitali ninayokwenda inaipokea kadi hii?

4. Je, bima inalipia ushauri na dawa za ugonjwa wa akili, au nitalipa mwenyewe?

5. Nahitaji barua ya rufaa? Mara nyingi ukiruka zahanati bila barua, kadi haifanyi kazi.

Andika majibu kwenye daftari lako. Sasa unajua kusoma na kuandika. Elimu hiyo ikulinde.

Kama huna kadi

Usimfiche mgonjwa nyumbani kwa sababu huna fedha. Pata barua ya serikali ya kijiji inayoeleza hali yako. Mwonyeshe mtu wa ustawi wa hospitali. Ni kazi yake kuchunguza hali ya mgonjwa asiye na uwezo, na kuona kama anastahili msamaha.

Usingoje barua wala kadi

Mtu akisema anataka kujiua, usimcheke wala usimgombeze. Usimwache peke yake. Ondoa dawa za shamba, kamba na visu. Mpeleke kituo cha afya au hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mambo ya kadi yatafuata baadaye.

Kumbuka: shida ya moyo na akili ni shida kama nyingine. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mtu wa ustawi aliye karibu na kijiji chetu yuko wapi? Nani atakwenda kuuliza?

2. Kadi ya nyumba yako itakwisha lini?

3. Kwa nini si vizuri kumfunga mgonjwa kamba?